Utafiti Ushuke Shimoni

Kila masika yanapokaribia, wazazi na wake wa wachimbaji katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa huanza kulala jicho moja. Wanajua kuwa udongo ukishiba maji hauna tena uaminifu, na kuwa shimo lililosimama kiangazi kizima laweza kufumba kinywa chake kwa usiku mmoja. Mwezi wa Oktoba 2015 machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, yaliwafukia wachimbaji sita. Watano kati yao walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, na watu wa mbali na karibu wakastaajabu, mmoja hakurudi. Januari 2024, katika machimbo ya Ng'alita wilayani Bariadi, zaidi ya watu 20 walipoteza maisha chini ya kifusi wakati wa mvua.

Rambirambi tumekwisha kuziandika za kutosha. Leo tumeona heri tuandike habari ya jambo linalotangulia msiba, ambalo kwa desturi yetu halizungumzwi mpaka makaburi yamekwisha kufukiwa, na hata hapo husahauliwa upesi. Jambo lenyewe ni utafiti.

Tunajua kuwa neno hili halina ladha masikioni mwa watu wengi. Mchimbaji akilisikia huona mbele ya macho yake gari kubwa lenye vioo vya giza, na vijana wenye kofia ngumu wanaojaza udongo katika vifuko vidogo, wanaandika namba, wanaondoka. Hawarudi. Mzee mmoja aliyechimba tangu ujana wake alituambia kuwa, kwa jinsi alivyowaona, watafiti ni watu wanaochukua udongo wako na kukuachia vumbi. Tulicheka pamoja naye, lakini njiani kicheko kilituishia, maana mzee yule hakusema uongo. Lawama hiyo tutaifikia. Kwanza tueleze kwa nini tunaona kuwa, pamoja na dharau yote hiyo, utafiti ndio uliowatenga matajiri wa dhahabu na maskini wa dhahabu katika nchi hii.

Tuutazame mji wa Geita. Mgodi wa zamani wa pale, ulioanzishwa katika miaka ya 1930 chini ya utawala wa Waingereza, ulifungwa mwaka 1966. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 vilima vile vilikaa kimya. Wananchi walilima pamba na mihogo pembezoni mwake, wakalisha mbuzi juu yake, na wengine wakachimbachimba kwa sururu wakapata cha kununulia chumvi. Katika miaka ya 1990 wakaja wenye mitambo ya kuchoronga. Hawakuanza kwa kuchimba. Walianza kwa kusoma ramani, zikiwamo zile zilizochorwa na wajiolojia wa serikali waliotangulia, kisha wakatoboa mamia ya matundu membamba kwenda chini, wakatoa vipande vya mwamba, wakavipima kimoja kimoja, na kuandika katika kila mita dhahabu ni gramu ngapi kwa tani. Mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi ambao umehesabiwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu barani Afrika. Ardhi ni ile ile. Vilima ni vile vile. Hata mbuzi walikuwa wa ukoo ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani alikuwa sasa anajua kilichoko chini, na mwingine bado hajui.

Habari ya Mwadui haiko mbali na hiyo. John Williamson, raia wa Kanada, hakuwa mtu wa bahati nasibu. Alikuwa amesomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill, na alihangaika kwa miaka katika nchi ya Wasukuma akifuata dalili za almasi katika changarawe, kabla ya kuupata mwamba wenyewe mwaka 1940. Wenyeji walikuwa wameukanyaga udongo ule vizazi kwa vizazi. Hatusemi hivi kwa kuwadharau wazee wetu, ambao walifua chuma kabla mkoloni hajafika na walijua mawe yao vizuri. Twasema kwamba ujuzi wa jiwe moja hautoshi kuujua mwamba mwingine, na asiyepewa nafasi ya kujifunza hugeuzwa kibarua juu ya mali yake mwenyewe.

Sasa tumtazame mchimbaji mdogo. Sheria humpa leseni ya eneo lisilozidi hekta 10. Nchini kote, kwa makisio ya wataalamu, watu wa kazi hii ni zaidi ya milioni moja, na tangu masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019, la kwanza likiwa hapo Geita, mchango wao katika mapato ya taifa umeonekana waziwazi kuliko wakati wowote uliopita. Lakini muulize mtu huyu kwa nini ameanzia shimo lake hapa na si hatua 30 kule. Atakwambia jirani amepata. Au atakwambia ameota. Au, akikuamini, atakwambia kuna mtu amemwelekeza.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi kidogo, kwa maana ni mahali penye aibu. Kuanzia mwaka 2007 mikoa yetu ilichafuliwa jina duniani kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Waliouliza sababu waliambiwa kuwa wapo wachimbaji na wavuvi walioahidiwa na waganga wapiga ramli chonganishi kwamba viungo vya binadamu huita utajiri. Serikali ilikamata, mahakama zikahukumu, viongozi wa dini na wa Chama wakahubiri. Yote hayo yalikuwa haki. Lakini ni wachache walioliuliza swali la pili: kwa nini mtu mwenye akili timamu, aliyezaa na kulea, amwamini mpiga ramli katika jambo la mwamba? Jibu letu ni hili. Mtu yule ametumia akiba yake yote, ameuza ng'ombe wa mahari, anadaiwa na mwenye duka na mwenye pampu ya maji, na chini ya miguu yake kuna kiza cha mita 40. Katika wilaya nzima hakuna aliyemwendea na kipimo. Mahali pasipo na mpimaji, mpiga ramli ndiye mjiolojia, naye hutoza ada kubwa kuliko maabara yoyote. Hatumtetei mwuaji, kamba yake imshike. Tunasema tu kwamba kiza kile ni chetu sote, na kwamba pesa ambazo hazikutumika katika kupima zilitumika mahali pengine, kwa malipo ambayo watoto wale waliyalipa.

Tena jicho ni shahidi dhaifu katika mambo ya dhahabu. Wachimbaji wetu wengi hulitafuta jiwe linalong'aa. Kumbe jiwe linalong'aa mara nyingi ni paiti tu, na jiwe la kijivu lisilo na haiba laweza kubeba gramu tano katika kila tani, kiasi ambacho mgodi mkubwa hukikimbilia. Lipo jambo jingine ambalo wachimbaji wanalijua kwa machungu. Karibu na uso wa ardhi, ambapo hewa na maji vimekwisha kuulainisha mwamba, dhahabu huwa huru na hukamatika kirahisi. Wakishuka chini ya kiwango cha maji, mawe hubadilika rangi, huwa magumu, na dhahabu hupungua katika beseni hata kama mkanda ni ule ule. Husemwa kuwa dhahabu imekimbia, au kuwa shimo limekasirika, na huitwa mganga wa kulituliza. Dhahabu haikukimbia. Imefungwa ndani ya madini ya salfa, na zebaki haiwezi kuifikia. Mtu mmoja mwenye elimu ya stashahada kutoka chuo cha madini angeweza kuwaeleza jambo hilo kwa dakika kumi, chini ya mwembe, kwa Kiswahili.

Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Kikundi kimetoa viroba 100 vya mawe, kila kiroba kilo 50. Hizo ni tani tano. Tuseme mawe hayo yana gramu 10 kwa tani: basi ndani ya viroba vile zimo gramu 50 za dhahabu. Mawe husagwa katika karasha, unga huoshwa kwenye mwalo, kinachobaki juu ya kitambaa huchanganywa na zebaki. Wataalamu waliopima kazi ya namna hii katika nchi nyingi wamekuta mara kwa mara kwamba zaidi ya nusu ya dhahabu hubaki katika mchanga. Tuseme kikundi kimepata gramu 18. Zile 32 ziko wapi? Ziko katika marudio, lile rundo la mchanga wa kijivu nyuma ya karasha.

Na rundo lile ni la nani? Mara nyingi si la mchimbaji. Katika machimbo mengi mwenye karasha husaga kwa bei nafuu, au bure kabisa, kwa sharti kwamba marudio yabaki kwake. Mchimbaji hufurahi, huona amesaidiwa. Kisha magari huja, marudio hupelekwa kwenye plenti, humwagiwa sayanaidi ndani ya matangi, na dhahabu iliyomponyoka mchimbaji hutoka yote au karibu yote. Kwa hiyo mtu aliyeshuka shimoni, aliyebeba matimba begani na kuvuta vumbi, ametoka na sehemu ndogo. Na mtu aliyemiliki mashine na karatasi ya maabara ametoka na sehemu kubwa. Katika lugha tuliyofundishwa na Chama, huo tuliuita mrija. Tofauti ni kwamba mrija huu hauhitaji bunduki wala sheria ya kikoloni. Unahitaji tu kwamba mmoja ajue na mwingine asijue. Wenye plenti hawajavunja sheria kwa kujua. Wengi wao ni Watanzania wenzetu, na wengine walianza kwa sururu. Lakini tunauliza kama ni haki kwamba kipimo cha marudio kifanywe na mnunuzi peke yake.

Hatuwezi kuitaja zebaki na kupita. Sisi wenyewe tuna deni hapa, na ni bora tulikiri mbele ya wasomaji kabla hawajatukumbusha. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika msafara wa viongozi uliokwenda kwenye kata moja ya wachimbaji kugawa vyungu vya chuma vya kuchomea zebaki, vile vyenye kifuniko na bomba. Jambo lilikuwa jema. Zebaki hugeuka mvuke ikifika nyuzi 357 za Selsiasi. Ikichomwa wazi, mvuke huingia kifuani mwa mchomaji, mwa mkewe na mwa mtoto aliyeko mgongoni; ikichomwa ndani ya chungu kile, mvuke hupita kwenye bomba, hupoa, na zebaki hurudi kuwa maji, ikatumika tena. Tulihutubia kwa saa mbili. Tulipiga picha. Tuliporudi baada ya miezi sita tulikuta chungu kimoja kimezuia mlango wa banda usipigwe na upepo, na vingine hatukuviona.

Mama mmoja mwoshaji wa dhahabu alitupokea kwa heshima, akatupa viti, kisha akasema, "Ndugu viongozi, mngeniuliza kabla ya kununua." Akaeleza. Chungu kile ni kizito na hula mkaa mwingi. Kazi ya dakika kumi huwa ya nusu saa na zaidi, na foleni nyuma yake hupiga kelele. Dhahabu hutoka imefifia, ina rangi ya kahawia, na mnunuzi hushusha bei. Lakini zaidi ya hayo yote, alisema, mwenye dhahabu haioni. Imefunikwa. Watu watano wenye hisa katika kidonge kimoja hawakubali kifichwe machoni mwao hata kwa kitambo kidogo, maana wakikuta kimepungua watapigana visu.

Sisi tulikuwa tumekwenda na jibu bila swali. Baadaye tulikuja kufahamu kuwa watafiti wa mataifa mbalimbali waliokwisha kushughulika na jambo hili walikuwa wameziandika sababu zile zile, na wengine walikuwa wamejaribu vyungu vya kioo ili mwenye mali aone kila kitu. Habari hiyo ilikuwepo, imechapishwa, miaka kabla ya msafara wetu. Haikuwa kwa Kiswahili, na hakuna aliyefikiri kututafutia.

Na hii si habari ya kubuni juu ya nchi za mbali. Mwaka 2003 watafiti walifika Rwamagasa, mkoani Geita wa leo, katika mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki. Walipima mchanga wa vijito, maji, udongo na samaki. Walipima mkojo, damu na nywele za watu, na baadhi ya wale waliochoma zebaki walikutwa wamekwisha kudhurika: mikono inatetemeka, mwendo unayumba. Kijiji kile kile, ambacho sasa jina lake huandikwa Lwamgasa, ndicho kilichokuja kujengewa kituo cha mfano cha uchenjuaji chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, pamoja na vituo vya Katente wilayani Bukombe na Itumbi wilayani Chunya. Humo dhahabu hukamatwa bila zebaki na kwa kiasi kikubwa zaidi. Tunaipongeza Serikali, na tunawaomba wanaopita njia hiyo wakatazame kwa macho yao. Lakini kati ya kupima na kujenga ilipita zaidi ya miaka 15. Mtoto aliyekuwa mgongoni siku ya kupimwa alikuwa amekwisha kuwa kijana, na yawezekana naye anachoma.

Wajapani walilipa ghali zaidi kwa somo hili. Katika mji wa Minamata kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini. Samaki wakaila, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na watoto waliendelea kuzaliwa nao. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo umetaja matendo yanayopaswa kukomeshwa katika uchimbaji mdogo, na moja kati yake ni kumwaga sayanaidi juu ya marudio yenye zebaki bila ya kuiondoa zebaki kwanza, kwa sababu sayanaidi huiyeyusha na kuipeleka majini. Msomaji na arudi kwenye ile hesabu yetu ya viroba 100, aone kuwa mchanga unaopakiwa kwenda plenti ndio huo huo. Ziwa letu liko chini ya mteremko.

Tulipokuwa wadogo tulisoma chuoni kwa mwalimu wetu kabla ya kwenda shule ya serikali. Tulijifunza mapema kuwa ipo sura nzima ya Kurani iitwayo Chuma, na mwalimu alipenda kutuambia kuwa Mola hakulipa jiwe jina ili tulisujudie wala tulikimbie, ila tulijue. Alikuwa na hadithi nyingi za wanazuoni wa kale, na mmoja kati yao ni al-Biruni, ambaye miaka 1,000 iliyopita aliandika kitabu juu ya vito na kupima uzito wa madini mbalimbali kwa maji na mizani. Hakuwa na umeme. Mwalo wa mchimbaji wetu wa leo hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo ya uzito, kwa kuwa dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Mchimbaji anaitumia kanuni kila siku bila kuambiwa kuwa anaijua.

Shuleni nako tulikuta Azimio la Arusha ukutani. Vijana wa siku hizi hulisoma kama historia, lakini sehemu yake inayohusu juhudi na maarifa haijazeeka. Mfano uliotumika pale ulikuwa wa jembe kubwa badala ya jembe dogo, na wa plau ya ng'ombe badala ya jembe la mkono. Watu wetu juhudi wanayo. Mtu anayeshuka mita 60 kwa kamba hahitaji kuhutubiwa juu ya kufanya kazi kwa bidii. Kwa miaka mingi tumekuwa tukimwongezea hotuba za juhudi, na maarifa tumeyaacha katika makabati.

Kabati la kwanza liko Dodoma, na si la kudharauliwa. Huduma ya jiolojia ya nchi hii ilianzishwa mwaka 1925, na warithi wake, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, wanashika ramani na takwimu za karibu karne nzima. Wizara ya Madini, ilipotangaza mpango wake wa kuelekea mwaka 2030, ilieleza kuwa ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imefanyiwa utafiti wa kina wa kijiofizikia kwa ndege, na ikaweka lengo la kufika asilimia 50. Tunaliunga mkono lengo hilo kwa mikono miwili. Tunaongeza neno moja: ndege ikipita juu ya kijiji, kijiji kijue ilichokiona. Ramani inayotoka ikianza kusomwa na mwenye mtaji aliyeko ng'ambo, na mwenye leseni ndogo akaja kuisikia baada ya maeneo kugawanywa, utafiti huo utakuwa umeongeza urefu wa ule mrija.

Mwaka 2023 Serikali ilizindua mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo, chini ya STAMICO. Hilo ni jembe kubwa hasa. Wapo wanaonung'unika kuwa gharama ya kuchoronga bado haishikiki kwa mtu mmoja, nao wana haki. Tundu moja tena halitoshi, kwa kuwa laweza kukosa mkanda kwa hatua mbili na kumdanganya mtu aache mali yake. Dawa yake tunaiona katika ushirika. Wenye leseni kumi zinazopakana wakiungana, wana hekta 100, wana mwamba mmoja usiojali mipaka yao, na wanaweza kulipia matundu ya kutosha. Lakini ushirika tunaousema si ule wa mwenyekiti na muhuri. Ni ule ambao karatasi ya vipimo husomwa mbele ya wanachama wote, na nakala ikabandikwa kwenye banda la karasha.

Kuna wenzetu watakaotujibu kuwa wachimbaji ni watu wa kuhama, kwamba ukiwapimia leo kesho wamefuata mlipuko mpya wa dhahabu wilaya ya pili. Tumeisikia hoja hiyo vikaoni mara nyingi. Kwa maoni yetu imekaa kichwa chini. Watu huhama kwa sababu hawajui wanachokiacha. Aliyeonyeshwa kwa namba kuwa mkanda wake unaendelea mita 50 chini ana sababu ya kuweka matimba imara, kununua feni ya hewa na kujenga choo. Asiyeonyeshwa hatagharimia shimo ambalo huenda likaisha Ijumaa. Hata vumbi lile la silika, linaloharibu mapafu na kuifungulia mlango kifua kikuu, linapungua sana kwa kutoboa mwamba wenye maji badala ya mkavu. Lakini ni nani atavuta maji kwenda kwenye shimo asiloliamini? Tunaona kuwa vifo vya masika tulivyovitaja mwanzoni vina mzizi katika jambo hili hili. Shimo la kubahatisha huchimbwa kwa kubahatisha.

Kwa hiyo tunayo maombi, na tunayaelekeza kwa wahusika bila kuzunguka. Vyuo vyetu vikuu na taasisi zetu, vinapopewa kibali cha kutafiti katika machimbo, vipewe sharti la kurudi na kusoma matokeo kwa Kiswahili mbele ya waliochukuliwa udongo na mkojo wao. Ofisi za madini za mikoa zikubali kupima marudio ya mchimbaji kwa bei anayoiweza, kabla hajayaacha kwa mwenye karasha, ili mapatano yao yawe ya watu wawili wenye kuona. Katika kila soko la madini kuna mizani ya kupimia dhahabu iliyokwisha kupatikana. Tungependa kuona pia meza ya kupokea jiwe la mtu anayetaka kujua. Na wasomi wa jiolojia ambao hatujawapatia ajira, tunaowakuta wakiendesha bodaboda na vyeti vyao nyumbani, wapelekwe kwenye kata za wachimbaji kama vile tulivyowahi kuwapeleka mabwana shamba vijijini. Bwana shamba hakumlimia mtu. Alimwonyesha nafasi kati ya mstari na mstari, akarudi wiki ya pili kutazama.

Gharama yake isemwe hadharani. Halmashauri zetu hupokea ushuru wa huduma unaotokana na madini, na migodi mikubwa hutoa fedha za miradi ya jamii kila mwaka. Tumeona fedha hizo zikijenga madarasa na zahanati, na hatuna ugomvi nazo. Katika bajeti zijazo tunawaomba madiwani wa wilaya zenye machimbo waulize, kabla ya kupiga makofi, ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya kupima. Yule mama wa mwalo naye tunamwomba radhi kupitia safu hii. Safari ijayo tutaanzia kwake, na vyungu tutaviacha garini mpaka aseme.